MASWALI NA MAJIBU: Mashah wa Iran walitoka wapi, na kwanini waling'oka?

Mbukwenyi wasomaji. Safari hii maswali mengi yamegusa jambo moja, ukoo wa Pahlavi uliotawala Iran toka 1925 mpaka 1979, baba mmoja na mtoto wake basi. Naona vijana wanatumiana zile video za zamani za Tehran, wadada na sketi fupi, magari mapya barabarani, halafu ubishi unaanza vijiweni kama yule Shah, yani mfalme wao, alikuwa mtu wa maana au dikteta tu. Nimechambua nikabaki na haya hapa chini. Na msimamo wangu nausema mapema ili usihangaike kuutafuta, hawa watu walijenga nchi kweli kabisa, na wakaanguka sababu hawakutaka kuwepo mtu wa kuwaambia hapana, wakati Iran ilishakuwa na katiba na bunge toka 1906, kabla wao hawajafika. Hapo ndo panaponiuma.

Mkuu mambo vipi. Mi nilijua ufalme wa Iran ni uleule wa miaka 2,500 wanarithishana, sasa huyu Shah wa kwanza alitokea wapi? (Dereva bodaboda, Nkuhungu)

Poa bosi wangu. Hapo wengi wanateleza. Iran imekuwa na wafalme miaka mingi sana ila sio ukoo mmoja, zimepita koo kibao na katikati wakaingia Waarabu, wakaingia Wamongoli, yani nchi imepigwa mawimbi. Kabla ya Pahlavi walikuwepo Qajar, walioshika toka mwishoni mwa miaka ya 1700, na mpaka inafika 1907 walishachoka kiasi kwamba Mwingereza na Mrusi walikaa wenyewe wakagawana nchi, kaskazini kwa Mrusi, kusini mashariki kwa Mwingereza, mwenye nchi hata hajaulizwa.

Reza Khan hakuwa na damu ya kifalme. Kazaliwa 1878 Alasht, kijiji cha milimani huko Mazandaran, baba yake akafariki yeye akiwa bado mchanga, akaingia jeshini kwenye kikosi cha Makosaki kilichokuwa chini ya maofisa wa Kirusi na akapanda toka chini kabisa. Februari 1921 akatoka Qazvin na askari wake akaingia Tehran, serikali ikaanguka, akawa waziri wa vita, 1923 akawa waziri mkuu, na Ahmad Shah, Qajar wa mwisho, akaenda Ulaya hakurudi tena. 1924 ilipigwa kampeni ya kuifanya nchi jamhuri kama Ataturk alivyofanya Uturuki, mashehe wakagoma, ikabidi iachwe. Oktoba 1925 bunge likapiga kura kuwaondoa Qajar, Desemba akapewa kiti, Aprili 1926 akavaa taji. Hata jina la Pahlavi alijichagulia mwenyewe.

Sasa naomba ushike jambo moja. Siku ile ya kura alisimama mbunge mmoja, Mohammad Mossadegh, akasema kwa maana hii: huyu bwana ni waziri mkuu mzuri, tukimfanya mfalme wa kukaa tu kama katiba inavyotaka tutakuwa tumepoteza waziri mkuu mzuri, na tukimfanya mfalme halafu awe anatawala mwenyewe basi huo ni udikteta na damu iliyomwagika kudai katiba imeenda bure. Wachache sana waliungana naye. Huyo Mossadegh utamuona tena mbele.

Ndugu mhariri, wanafunzi wangu wamenibana. Ni kweli Shah alijenga reli nchi nzima bila mkopo hata mmoja? (Mwalimu wa historia, Kongwa)

Ni kweli mwalimu, na usiwapunguzie utamu. Sisi tumeiona SGR inafika Dodoma 2024 na deni lake tunalijua, kwahiyo swali lina uzito. Reli ya Iran ilianza kujengwa 1927 ikamalizika 1938, kilomita 1,394 toka Bahari ya Caspian kaskazini mpaka Ghuba ya Uajemi kusini, mahandaki 224, madaraja makubwa 174, inapanda milima ya Elburz kwa kuzunguka ndani ya mwamba, treni inaingia handaki inatokea juu ya pale ilipoingilia. Kuna daraja moja linaitwa Veresk, limerushwa kati ya majabali mawili na chini yake bonde lina kina cha kama mita 110. UNESCO waliiweka kwenye urithi wa dunia 2021. Wakandarasi walikuwa wa nje, kampuni ya Kidenmaki ya Kampsax ndo ilikuja kusimamia kazi yote kuanzia 1933, lakini hela ilikuwa ya Wairani wenyewe, ushuru wa sukari na chai.

Ila usiishie hapo mwalimu. Muirani maskini chakula chake ni mkate na chai yenye sukari, kwahiyo aliyelipa reli ni yule ambaye hakuwa na cha kusafirisha. Wakosoaji bungeni, Mossadegh akiwemo, walisema njia yenyewe haina faida kibiashara. Hawakusikilizwa, maana kufika miaka ya 30 bunge lilishakuwa la kugonga meza tu. Modarres, shehe na mbunge aliyekuwa anampinga, alipelekwa uhamishoni na 1937 akauawa. Teymourtash, waziri aliyekuwa mkono wa kulia wa Shah, alifia jela 1933. Na huku Shah mwenyewe anajilimbikizia mashamba, hasa huko kwao Mazandaran, mpaka akawa ndo mwenye ardhi kubwa kuliko wote nchini.

Halafu likaja jambo ambalo wanafunzi wako watalikumbuka, tarehe 25 Agosti 1941 Mwingereza toka kusini na Mrusi toka kaskazini wakaivamia Iran, wanataka njia ya kumpelekea Mrusi silaha za kupigana na Hitler, na njia hiyo sehemu kubwa ilikuwa ni reli ileile. Jeshi alilolijenga miaka 20 halikumaliza hata wiki. Septemba 16 akaachia kiti kwa mwanae, Mohammad Reza, ambaye ndo Shah wa mpaka 1979, yeye akapelekwa Mauritius kisha Johannesburg, akafia huko Afrika Kusini Julai 1944. Umati uliotoka barabarani kumlilia haukuwepo.

Habari za kazi mwanangu. Binti yangu ananionyesha picha za Iran ya zamani wanawake vichwa wazi, anasema Shah aliwapa wanawake uhuru. Nimwambieje? (Mama muuza vitenge, soko la Majengo)

Shikamoo mama. Mwambie nusu ni kweli. Januari 1936 Shah baba alipiga marufuku hijabu, na sio kwamba alishauri, alipiga marufuku, polisi wakawa wanawavua wanawake mitandio njiani na kuichana. Kuna kina mama ambao kwa aibu walikaa ndani, hata kwenda hamamu, bafu la umma, wakaacha, na nyumba nyingi enzi hizo hazikuwa na bafu. Mwaka mmoja nyuma, Julai 1935, watu walikusanyika msikiti wa Goharshad mjini Mashhad kulalamikia kulazimishwa kofia ya Kizungu, askari wakawapiga risasi mulemule kwenye eneo takatifu ambalo watu huenda kuzuru. Upande wa pili, shule za wasichana ziliongezeka, Chuo Kikuu cha Tehran kilifunguliwa 1934 na haikuchukua muda wanawake wakaingia, na 1963, enzi za mtoto wake, wanawake wakapata kura. Hayo sio madogo mama, mpaka leo wanawake wa Iran wanayategemea.

Zile picha za miaka ya 70 ni za kweli ila nyingi ni Tehran ya kaskazini, kwa wenye nazo. Ukishuka kusini mwa mji au ukienda vijijini ungekutana na chador, lile vazi la kufunika mwili mzima, kama kawaida. Baada ya 1979 serikali mpya ikageuza, hijabu ikawa lazima, na 2022 binti mmoja, Mahsa Amini, akafia mikononi mwa polisi wa maadili na nchi nzima ikawaka. Mimi naona serikali ya 1936 na hii ya sasa kosa lao ni moja, hakuna iliyomuuliza mwanamke anataka nini kichwani mwake.

Hivi kwanini Wairani hawaachi kuongelea 1953? Kila nikisoma nakutana nayo. (Mwanafunzi, UDOM)

Mdogo wangu hili ndo swali lenyewe na nitakaa nalo.

Mafuta ya Iran yalichimbuliwa 1908 Masjed Soleyman, kwa mkataba ambao Qajar alimpa Mwingereza mmoja anaitwa D'Arcy mwaka 1901. 1914 serikali ya Uingereza ikanunua hisa nyingi kwenye kampuni iliyokuwa inachimba mafuta hayo, kwahiyo kampuni ikawa kama ya serikali yao. Pale Abadan wakajenga kiwanda cha kusafisha mafuta kilichokuja kuwa kikubwa kuliko vyote duniani, mabosi wa Kizungu wana nyumba za bustani na bwawa la kuogelea, kibarua wa Kiirani analala kwenye vibanda, na Iran ikiomba kukagua mahesabu ya kampuni inaambiwa haiwezekani. 1950 Saudia jirani ikapata kugawana nusu kwa nusu na Wamarekani. Wairani wakasema na sisi je.

Machi 1951 bunge likapitisha mafuta yawe mali ya taifa, Aprili Mossadegh akawa waziri mkuu. Mzee wa watu alikuwa mgonjwagonjwa, kazi nyingi za serikali alizifanya akiwa kitandani, kitanda cha chuma, amevaa pajama, mabalozi wanaingia chumbani wanakaa kwenye viti pembeni wanajadili mafuta ya dunia nzima. Magazeti ya Ulaya yalimcheka. Nyumbani watu walimpenda kweli. Mwingereza akagomesha wanunuzi, meli zake za kivita zikakaa Ghuba, mafuta yakakosa soko, akampeleka Mahakama ya Kimataifa, na Julai 1952 mahakama ikasema haina mamlaka na kesi hiyo. Mwezi huohuo Shah alimkatalia Mossadegh wizara ya vita, mzee akajiuzulu, watu wakajaa mitaani wakapigwa risasi, Shah akanywea akamrudisha.

Agosti 1953 majasusi wa Marekani na Uingereza, CIA na MI6, wakapanga kumng'oa. Kermit Roosevelt, mjukuu wa rais wa zamani wa Marekani, ndo aliyekuwa Tehran anaendesha mpango. Jaribio la kwanza lilibuma usiku wa tarehe 15, kanali aliyepeleka barua ya kumfukuza waziri mkuu akakamatwa yeye, na Shah kusikia hivyo akapanda ndege mpaka Baghdad, toka hapo Roma. Tarehe 19 hela zikamwagwa, makundi yakatoka mitaani, vifaru vikapiga nyumba ya Mossadegh mpaka ikawa gofu. Shah akarudi. Mossadegh akafungwa miaka 3, kisha akazuiliwa kijijini kwake Ahmadabad mpaka akafa 1967. CIA walikuja kutoa nyaraka wenyewe 2013 wakikiri.

Haki itendeke kwa pande zote, Mossadegh naye mwanzoni mwa Agosti ileile aliitisha kura ya maoni avunje bunge, na masanduku ya ndiyo na hapana yakawekwa sehemu tofauti, kila mtu anaona unapigia wapi. Mimi hilo silipambi. Ila kiongozi aliyekosea bungeni huondolewa na wananchi wake, haondolewi na wageni waliokasirikia mafuta.

Kuanzia pale Shah kila akimtazama Muirani aliona mtu aliyekuwa radhi aondoke, na kila Muirani akimtazama Shah aliona mtu aliyerudishwa na wageni. Mkataba mpya wa mafuta wa 1954 ukawapa kampuni ya Kiingereza asilimia 40 na Wamarekani asilimia 40. 1957 ikaundwa SAVAK, polisi wa siri, kwa msaada wa Marekani na baadae Israel, na mateso yake ndo stori ambayo kila familia ya Kiirani ina ya kwake. Vyama vya watu wa kawaida, wanasheria, waandishi, walimu, vikabanwa koo vyote. Mahali pekee palipobaki watu wanakusanyika serikali isiweze kupafunga ni msikitini. Ukilielewa hilo, ya 1979 hayatakushangaza.

Salaam. Sisi tulihamishwa kwenye Operesheni Dodoma 1971 nikiwa kijana. Nasikia na Shah aligawa ardhi kwa wakulima. Ilikuwaje kwao? (Mzee, Bahi)

Shikamoo mzee wangu. Kwao haikuwa kuhamisha watu, ilikuwa kuwanyang'anya mabwana shamba. Kulikuwa na matajiri wanamiliki vijiji vizima, mkulima analima kwa kugawana mavuno na bwana. Sheria ilianza 1962 chini ya waziri wa kilimo Hassan Arsanjani, na Januari 1963 Shah akaipigisha kura pamoja na mambo mengine akayaita Mapinduzi Meupe, maana yake bila damu. Waliokuwa na haki ya kulima shamba la bwana wakauziwa kwa malipo ya polepole. Vibarua wasio na haki hiyo, na walikuwa wengi sana, hawakupata kitu, na hata waliopata wengi walipewa vipande vidogo visivyotosha. Watu wakahamia mijini, kusini mwa Tehran kukajaa mabanda. Kilichofaulu vizuri ni vijana wa jeshi la elimu, badala ya kushika bunduki wanapelekwa vijijini kufundisha kusoma, hapo mzee najua unakumbuka kisomo chetu cha watu wazima.

Aliyesimama kupinga mpango huo 1963 ni shehe mmoja wa Qom, Ayatollah Khomeini. Akakamatwa, Novemba 1964 akafukuzwa nchini.

Ile sherehe ya mahema jangwani ni kweli au ni chumvi za mitandaoni? (Msomaji, Singida)

Kweli. Oktoba 1971, Persepolis, miaka 2,500 ya ufalme. Mji wa mahema ya kifahari, chakula kimeletwa na mgahawa wa Maxim's wa Paris, wafalme na marais kibao, Haile Selassie wetu naye alikuwepo. Miaka 4 nyuma, 1967, mwaka uleule sisi tumetangaza Azimio la Arusha, Shah alijivika taji kwa mkono wake na kumvika mkewe Farah. Sherehe moja mtu angesamehe, tatizo hazikuwa na wa kuzikataa. Ndo hivyohivyo 1975 akafuta vyama vyote akabakiza kimoja, Rastakhiz, na 1976 akabadilisha kalenda ihesabiwe toka mwanzo wa ufalme, watu wamelala mwaka 1355 wameamka mwaka 2535. Nchi ya Waislamu unawafutia hesabu ya Hijra kwa amri!

Sasa mtu ana jeshi kubwa vile na mafuta vile anaondokaje? Na alifia wapi? (Fundi simu, Dodoma mjini)

Mafuta yenyewe yalichangia. Bei ilipanda mara nne kati ya mwisho wa 1973 na mwanzo wa 1974, ile iliyotuumiza sisi huku, kwao hela zikaingia zikazidi, bei za vitu na kodi za nyumba zikapaa, halafu serikali ikabana ghafla, vijana wakakosa kazi. Toka 1974 Shah alikuwa na saratani na ikafanywa siri, hata Farah aliambiwa 1977. 1978 ikawa mwaka wa misiba, Agosti sinema Rex ya Abadan ikachomwa watu mamia wakiwa ndani na wengi wakaamini ni SAVAK, Septemba 8 askari wakapiga risasi waandamanaji uwanja wa Jaleh. Wafanyakazi wa mafuta wakagoma. Novemba akatoka kwenye televisheni akasema ameisikia sauti ya mapinduzi, lakini miaka 25 ya kuziba masikio huwezi kuifidia kwa hotuba moja ya jioni.

Januari 16, 1979 akaondoka, Februari 1 Khomeini akarudi, Februari 11 utawala wa kifalme kwisha. Akazunguka Misri, Morocco, Bahamas, Mexico, Oktoba akaingia New York kutibiwa na hapo ndo wanafunzi wakauvamia ubalozi wa Marekani Tehran, mateka 52 siku 444. Panama nako hakukaa. Sadat, rais wa Misri, ndo akampokea, akafia Cairo Julai 27, 1980, kazikwa msikiti wa al-Rifa'i. Kaburi la baba yake kule Iran lilibomolewa mwaka huohuo. Kwenye ikulu ya Sa'dabad, ambayo sasa ni makumbusho, sanamu ya Reza Shah ilikatwa ikabaki miguu tu, buti mbili kubwa za shaba, watalii wanapiga nazo picha.

Je, Washirazi wa Zanzibar ni ndugu wa huyu Shah? (Msomaji, Kondoa)

Hapana ndugu. Masimulizi ya Washirazi wa pwani yetu, kama yale ya Kilwa, yanaongelea watu wa karne nyingi nyuma, Pahlavi ni wa 1925. Aliyegusa Zanzibar ni ukoo wa Qajar, maana Sultani Said alimuoa Shahrazad, binti wa ukoo wa mfalme wa Uajemi, na 1850 akamjengea mabafu ya Kidichi yenye nakshi za Kiajemi ndani. Yapo mpaka leo, ukienda Unguja pita, ni njia ileile ya mashamba ya viungo.

Mtoto wa Shah anaweza kurudi? Na taji lenyewe liko wapi? (Swali limeletwa na wasomaji kadhaa)

Reza, aliyezaliwa 1960, anaishi Marekani na amesema mara nyingi kwamba wananchi waamue kwa kura aina ya serikali wanayoitaka. Wanaompenda wapo, ndani na nje, na vijana wengi wanaomtaja hawakuwepo 1979, wanachokijua ni shida za sasa. Wapo pia ambao ndugu zao walipitia mikononi mwa SAVAK na hawataki kusikia neno Shah. Ningekuwa Muirani ningemuuliza kwanza kuhusu 1953 na chama kimoja, kabla ya kumuuliza kuhusu reli.

Taji lipo Tehran. Vito vya kifalme viliwekwa kisheria chini ya benki ya taifa toka 1937 kama dhamana ya sarafu, kwahiyo havikuwa mali ya Shah kuondoka navyo. Hata taji la Farah la 1967, mafundi wa Van Cleef & Arpels wa Paris ilibidi waje kulitengenezea Tehran kwa sababu mawe hayakuruhusiwa kutoka nje. Mataji yote mawili yako makumbusho ya vito, kwenye jengo la Benki Kuu ya Iran, mtaa wa Ferdowsi, pamoja na ile almasi ya pinki, Darya-ye Noor.